Maswali ya Kemisti

Noonkopir, Kitengela
14 Julai 2025

Kwa Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi na vumbi. Natumai mfuko huu umekufikia mzima, maana nilimwona mama wa ofisi ya vifurushi akiutupa juu ya boksi la vifaranga.

Jana nilijaribu tena kukupigia simu. Nikasema, "Mwaitu, ni mimi," ukanijibu, "Hapa si benki," ukakata. Nilipopiga mara ya pili nilipaza sauti mpaka jirani akagonga ukuta. Basi umeshinda. Masikio yako yamekataa simu, na SMS umesema ni za kutangaza matanga, kwa hivyo tutaandikiana barua jinsi ulivyotaka. Mwandiko wangu ni mbaya siku hizi. Usiusahihishe kwa kalamu nyekundu.

Lakini hata kama wewe hukunisikia, mimi nilikusikia ukikohoa. Hicho si kikohozi cha vumbi. Ndiyo maana leo nikitoka kazini nilipitia kwa kemisti iliyo karibu na soko. Kuna msichana pale anaitwa Cindy, mwenye miwani, na kabla akuuzie hata tembe moja atakuhoji kama polisi. Dawa ni ya nani? Ana umri gani? Ako na presha? Kuna dawa nyingine anakunywa? Ini na figo ziko sawa? Amewahi kuvimba au kuwashwa na dawa yoyote? Nyuma yangu kulikuwa na foleni, mtoto analia, mwanaume mmoja anagonga meza kwa sarafu. Nikajibu hapana, hapana, iko sawa, hapana. Mwishoni akaniuliza, "Hizi zinaleta usingizi kidogo na kizunguzungu. Ako na mtu kwa nyumba?" Nikasema uko na watu.

Amesema unywe kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni baada ya kula, na usichanganye na dawa nyingine ya homa wala ya maumivu, kwa sababu nyingi zina kitu kilekile ndani kwa jina tofauti. Ukiona kikohozi kimepita wiki mbili, au kifua kinakubana, uende hospitali.

Nitakuja nikipata nafasi. Kiwandani tuko na oda kubwa ya jaketi za Ulaya, na supavaiza hatoi ruhusa hata ya kwenda kwa mazishi. Nitakuja oda ikiisha. Mimi pia niko na mafua kidogo lakini si ya kusumbua.

Mkweo Makokha anakusalimia sana. Nitakuja.

Mwanao,
Evalyne


Kajiado
19 Julai 2025

Mwanangu Evalyne,

Nimepokea dawa na barua, na vifaranga havikuifanyia chochote. Mwandiko wako ni wa kuku, lakini nimeusoma mara nyingi. Nimeona umeandika "nitakuja" kila mahali. Mwanafunzi akirudia neno namna hiyo nilikuwa namwambia alifute au alitimize.

Asante kwa vidonge. Nimeanza kuvimeza leo. Ila usidhani niko peke yangu na ugonjwa wangu. Hiki kikohozi kimeniletea watu! Kabla yake siku ilikuwa inaisha nikizungumza na kuku, na kuku wenyewe unajua hawana habari mpya. Sasa hata kiti cha marehemu baba yako kimekaliwa. Alianza Jentrix, yule mpangaji wangu wa chumba cha nyuma, akaniletea tangawizi na tembe za maumivu. Halafu akaja Kavata na akina mama wa kanisa, na chupa ya dawa ya maji kutoka kwa mwanawe. Juzi nikasikia mtu mlangoni akinisalimu Kimaasai, "Takwenya, yeyo!" Nikajibu, "Iko." Alikuwa Mzee Kisemei, ametembea kutoka kule machimboni na supu ya mbuzi yenye magome machungu, na juu yake vidonge vya rangi mbili alivyonunua Namanga. Anasema vya upande wa pili wa mpaka vina nguvu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kila mtu anataka kuniona nikimeza. Nami nitafanyaje? Mtu ametembea jua lote na kitu mkononi, umwambie dawa yake utaiweka kabatini kwa sababu mwingine ametangulia? Nameza, anafurahi, anakaa mpaka chai ya pili. Wakiondoka nyumba inarudi kuwa kubwa.

Huyo Cindy wako ana maswali kushinda mkaguzi wa shule. Ulivyomjibu ni sawa. Kuna vidonge ninavyomeza asubuhi, lakini hivyo ni vya uzee tu, visikusumbue.

Ningekuja mwenyewe nikuone, lakini unaijua nthoni, ile miiko ya wakwe. Mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake, na nyumba yenu ni sebule na chumba. Hata kukohoa usiku ningekuwa namvunjia Makokha heshima. Na kuja na kurudi siku moja, miguu haikubali tena. Kwa hivyo nakuachia wewe mwenye miguu.

Kwa hayo mafua yako nakutumia chupa ya Kavata. Sijaifungua, siku ile alisahau kuningoja ninywe. Kunywa vijiko viwili ulale.

Msalimie mkwe wangu.

Mama yako,
Munyiva


Noonkopir
28 Julai 2025

Mwaitu,

Ile dawa ya Kavata nilikunywa vijiko viwili kama ulivyosema, Jumatano nikitoka kazini. Kwa vile pua haikufunguka, nikaongeza kingine. Sikujua kingine mpaka mama wa maziwa aliponigongea mlango akiuliza kama nimehama. Ilikuwa saa tano mchana. Jua lilikuwa limeingia kupitia dirishani likafika kitandani, simu imelia mpaka ikachoka, na mimi nimelala kama gunia.

Nilifika kiwandani nikiyumba. Supavaiza akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Evalyne, hii ni kampuni ama ni lodging?" Watu wakacheka. Akanitoa kwa mashine, akaniweka kukata nyuzi na wale walioajiriwa juzi. Amesema nikichelewa tena nisisumbuke kuingia. Baadaye nikasoma kwenye chupa, kwa maandishi madogo: usiendeshe gari wala mashine. Fikiria ningefika mapema, niiwekee ile sindano vidole vyangu.

Kwa hivyo ukiwa umebaki na nyingine ya namna hiyo, tafadhali usiinywe ukitaka kwenda kuchota maji au kuwasha jiko. Na uwaambie wageni wako wakuletee ndizi. Ndizi hazina masharti.

Sina hasira na wewe. Nimechoka tu.

Makokha anakusalimia. Nitakuandikia vizuri siku nyingine.

Evalyne


Kajiado
4 Agosti 2025

Mwanangu,

Pole kwa yaliyokupata. Nimemwambia Kavata, naye ameshika mdomo. Mwanawe humnywesha mtoto wake ili alale wakienda kazini. Nimemkemea sana, nikamwambia kama ilimlaza mtu mzima mpaka saa tano itamfanyaje mtoto wa miaka miwili. Ameahidi kuimwaga.

Sasa niambie kitu. Nimefundisha watoto wa wenyewe miaka yote ile, na uongo wa barua ya "nilikuwa mgonjwa" naujua hata ukiandikwa kwa wino wa dhahabu. Mwanamke aliyeolewa anaachwaje alale mpaka saa tano, siku ya kazi, mpaka mtu wa maziwa ndiye amwamshe? Simu inalia mpaka inachoka, na mume yuko wapi? Hata kama alitoka alfajiri, hakukugusa bega aseme, "Mama, kumekucha"?

Makokha yuko wapi, Evalyne?

Sikuulizi ili nikuaibishe. Nauliza kwa sababu kila barua anakuja mwishoni, ananisalimia, anaondoka. Hasemi neno. Yule kijana ninayemjua mimi alikuwa akiongea mpaka chai inapoa.

Mimi sijambo. Kikohozi kimepungua, ila kichwa kinanigonga hapa kisogoni, na jana ibadani pua ilitoa damu ikachafua kitabu cha nyimbo. Nadhani ni baridi. Nimekunywa vyako, nikaongeza vya Kisemei na tembe za Jentrix, kwa sababu vyote ni vya homa. Wageni wamepungua pia. Kavata alikuja mara moja tu wiki hii. Wakisikia umepona wanakuacha, na kumbe ndipo mtu anapowahitaji.

Mama yako,
Munyiva


Noonkopir
9 Agosti 2025

Mwaitu,

Makokha alitoka mapema, ni hayo tu. Siku hizi ako na kazi nyingi. Kwani ni lazima kila kitu kiwe kesi? Nilikuandikia kuhusu dawa ukanijibu kuhusu ndoa yangu. Wewe hujawahi kumpenda, na ulisema hivyo kabla hata hajaleta mbuzi wa kwanza.

Nakutumia dawa nyingine za mafua kwa hicho kichwa na hiyo baridi, zile kali. Sikuenda kwa Cindy. Sikuwa na nguvu ya maswali yake. Nimeenda kwingine, kule hawaulizi kitu. Kunywa mbili kwa wakati mmoja utapata nafuu upesi.

Tuko sawa. Usiwe na wasiwasi na sisi.

Evalyne


Wodi ya wanawake, Kajiado
17 Agosti 2025

Mwaitu,

Naandika nikiwa nimekaa kando ya kitanda chako. Umefumba macho lakini najua hujalala, maana kidole chako kinapiga shuka kama ulivyokuwa ukipiga meza darasani. Ninayotaka kusema siwezi kuyapaza wodini watu wote wasikie, na kwa sauti ya chini hutanisikia. Basi soma ukiamka. Nimeacha kurasa mbili nyuma kwa ajili yako.

Jentrix ndiye alinipigia. Alikukuta chini karibu na bomba, ndoo imepinduka, damu kwenye paji la uso. Nilikimbia kutoka kiwandani na vazi la kazi. Nikafika hapa, daktari akaniuliza mbele ya kila mtu: mama ako na presha? Anatumia dawa gani? Nikafungua mdomo, na yalikuwa maswali yaleyale ya Cindy, Mwaitu. Nikasema sijui. Akaniangalia, akauliza mimi ni nani wako.

Jentrix akaenda nyumbani akaleta kila kitu kilichokuwa mezani. Daktari akavipanga kwenye karatasi. Vyangu vya kwanza, vyangu vya pili, vya Kisemei, tembe za Jentrix, na kimkebe kimoja ambacho sikukifahamu. Hicho kimkebe ndicho cha vidonge vyako vya presha. Akanieleza polepole. Zile dawa za kufungua pua hubana mishipa, na mtu wa presha hapaswi kuzigusa bila kuuliza. Halafu ya maumivu ilikuwa ndani ya karibu zote, ukawa unaimeza mara tatu bila kujua, na inaweza kuliharibu ini. Na ile ya usingizi iliyokuwa ndani ya vyangu ndiyo ikakuangusha. Amesema tumeponea chupuchupu. Kupumua tu kwako naona ni zawadi.

Wewe ulisema, "Vya uzee tu." Kwa nini hukuniambia? Ningejua nisingekutumia. Nilikupimia sumu kwa mkono wangu, nikaifunga kwenye karatasi nzuri, nikaandika jina lako.

Lakini sina haki ya kukuuliza. Kwa hivyo yangu ni haya. Makokha hayupo. Alipata kazi Magadi, kwenye kiwanda cha magadi yenyewe, wakampa nyumba ya kampuni. Mwanzoni alikuwa anarudi mwisho wa mwezi na samaki wa kukausha na hadithi za joto. Halafu akaanza kusema gari hakuna. Tangu Pasaka hajarudi. Kuna mtu mwingine katika hiyo nyumba ya kampuni, nimeambiwa na mke wa mwenzake, na yeye mwenyewe hakukataa nilipomuuliza. Alisema tu, "Usiniite sana nikiwa kazini."

Zile salamu nilizitunga. Ndara zake bado ziko mlangoni. Nazipangusa vumbi ili majirani wa ploti wasijue. Nikiingia jioni nasema "hodi" kwenye nyumba yangu mwenyewe, kisha nacheka. Sikukuambia kwa sababu ulinionya, na niliogopa utasema ulinionya. Sikuja kwa sababu ungeniangalia usoni mara moja tu na ungejua. Ile oda ya jaketi iliisha mwezi wa sita, Mwaitu.

Nimemaliza. Kalamu yenyewe imelowa.

Evalyne


(nyuma ya karatasi ileile)

Mwanangu,

Umetoka kutafuta uji, nami naandika haraka kabla muuguzi aninyang'anye kalamu. Mwandiko wangu leo nao ni wa kuku, uusahihishe mwenyewe.

Sitasema nilikuonya. Nilikuwa nimelipanga hilo neno, nimelisugua mpaka linang'aa, likisubiri siku yake. Sasa nimelitafuta silioni. Nimeona tu mtoto wangu anapiga hodi kwenye nyumba tupu. Ningekuwa najua ningekuitikia hata kutoka huku.

Kuhusu presha. Ni mwaka jana, nilipoenda kliniki kwa ajili ya goti. Walipima, wakapima tena, wakaniambia ni ya kumeza dawa maisha yote. Wakati huo masikio yangu bado yalikuwa yanakubali simu. Nilikaa kwenye benchi nje ya kliniki nikakupigia. Ulisema, "Mwaitu, naweza kukupigia baadaye?" Nikasema haya. Nikangoja, halafu nikaona ni kitu kidogo, nisikusumbue. Halafu muda ukapita mrefu mno, kikawa kitu cha aibu kukitaja. Mficha maradhi kilio humfichua, nimewaandikia watoto methali hiyo ubaoni hata sikumbuki mara ngapi.

Na ukitaka ukweli wote, vile vidonge vyako nilijua vinanidhuru kidogo. Kichwa kilikuwa kinanigonga kila nikivimeza. Lakini ndivyo vilivyotoka kwako. Vya wengine nilimeza kwa adabu, vyako nilimeza kwa sababu hukuja wewe. Sikuwa nimekuomba dawa, Evalyne. Niliacha unisikie nikikohoa. Nilikohoa karibu na simu makusudi.

Unarudi. Nakuona mlangoni na kikombe. Umekonda.

Mama


Noonkopir
8 Septemba 2025

Mwaitu wangu,

Nilifika salama siku ile. Kiwandani hawakunirudisha kwa mashine, lakini hawakunifukuza pia. Nakata nyuzi. Si kazi mbaya, inampa mtu nafasi ya kufikiri.

Nilipita kwa Cindy nikamwambia kila kitu. Nilidhani atanikaripia. Alivua miwani, akasema, "Sister, mimi huuliza kwa sababu siwezi kumwona mgonjwa. Wewe ndio macho yangu." Nikatoka, nikanunua limau ambazo sikuhitaji kwenye kibanda cha nje. Nyumbani nililala mapema.

Jentrix ananiandikia kwa simu kila jioni, anasema ulimeza za presha, ulikula, kuku ni wazima. Mwambie asante. Anasema Mzee Kisemei alikuja tena, na safari hii alileta maziwa, akakaa mbali na meza ya dawa kama mtu aliyeona nyoka. Mwambie asijilaumu, alileta moyo wake.

Ningetaka kukwambia nakuja wikendi hii, lakini nimeapa sitaandika tena neno hilo kama sijashika tikiti mkononi. Shifti zimepangwa vibaya mpaka katikati ya mwezi. Huo ni ukweli, hata ukimuuliza supavaiza. Sauti yako imebaki humu ndani tangu hospitali. Nikifungua mlango bado nasema hodi. Nimeshindwa kuacha.

Kama kuna kitu kinakuuma, niambie kikiwa bado ni kidogo.

Evalyne


Kajiado
13 Septemba 2025

Mwanangu Evalyne,

Presha imeshuka, kliniki wameniandikia namba nzuri na muuguzi akanipigia makofi kana kwamba nimefaulu mtihani. Kovu la paji la uso linanipa sura ya mtu aliyeshiriki vita. Watoto wa kanisa wananiogopa sasa, ni jambo jema.

Nyumba imetulia. Wageni wamerudi kwenye shughuli zao, na siwalaumu. Jioni moja nilikaa kwenye kiti changu nikakitazama cha baba yako, nikafikiri juu yako huko, na ndara za mtu asiyekuwepo mlangoni. Nikasema, Munyiva, wewe ulikuwa mwalimu wa hesabu. Huku kuna mama peke yake na nyumba kubwa. Kule kuna binti peke yake na nyumba ndogo. Na kilichotutenganisha mwaka mzima ni heshima kwa mwanaume ambaye yuko Magadi! Nimelinda adabu ya paa ambalo halina mkwe chini yake. Nilicheka mpaka kuku wakatoka nje, kisha nikalia, kisha nikapika chai.

Hakuna mkwe, hakuna nthoni. Nimeshawaza, nimemuuliza na Kavata aliye mkubwa kwangu kwa desturi, naye amesema vilevile. Jentrix atalisha kuku. Nitakuja Ijumaa na shuttle ya saa nne, na Kisemei atanipandisha mwenyewe. Dawa zangu za presha ziko kwenye mkoba na karatasi ya kliniki. Zitakaa mezani kwako, wazi, uzione kila siku mpaka uzichoke.

Ziondoe hizo ndara mlangoni kabla sijafika. Kama huwezi, ziache, nitaziondoa mimi.

Tutapita kwanza kwa huyo Cindy. Nataka anirudie maswali yake yote, kwa sauti, foleni nzima isikie, niyajibu mwenyewe. Umri, nitamwambia. Presha, ndiyo. Dawa nyingine, hizi hapa. Akifika kwa lile la mwisho, la kama niko na mtu nyumbani, mimi nitanyamaza. Hilo utalijibu wewe, na mara hii usijibu kwa haraka.

Wala usije kunipokea ukiwa na hofu, ukidhani kuna jambo ninalokuficha. Kifua ni safi, kichwa hakiumi, nimelala vizuri. Sikohoi, mwanangu. Nakuja tu. Nikifika nitabaki ndani, wewe utoke kazini, na ukisema hodi nitakuitikia.

Mama yako,
Munyiva